Dick Tiger: Bingwa wa dunia aliyerudisha nishani ya Uingereza na kuishia kuwa mlinzi New York

Kwa ufupi
- Jina halisi ni Richard Ihetu, Mwigbo wa Nigeria, aliyezaliwa Agosti 14, 1929.
- Alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu katika uzito mbili tofauti: 1962, 1965 na 1966.
- Alipanda ulingoni mara 82. Alishinda 60, akapoteza 19 na kutoka sare 3.
- Vita vya Biafra vilimgharimu mali, nchi na amani ya moyo.

Desemba 1969, bingwa wa zamani wa ngumi za dunia aliyekuwa New York alituma kitu kidogo kwa posta kwenda kwa balozi wa Uingereza mjini Washington. Ilikuwa ni nishani ya MBE, heshima aliyopewa na Uingereza kutokana na mafanikio yake ulingoni. Kwenye barua aliyoiambatanisha alieleza kwamba kila akiitazama nishani hiyo anawakumbuka wanaume, wanawake na watoto waliokufa Biafra, huku silaha za Uingereza zikiendelea kupelekwa kwa serikali ya Nigeria.

Bondia huyo ni Dick Tiger. Mashabiki wa ngumi wa zamani wanamkumbuka kwa mkono wake wa kushoto na kwa kutorudi nyuma. Lakini ukiishia hapo bado hujamjua. Tiger alipata kila kitu ambacho bondia anakitafuta: mikanda, pesa, majumba na jina. Kisha akaviweka vyote upande mmoja wa vita, na upande huo ukashindwa.

Chupa tupu za Aba

Richard Ihetu alizaliwa Amaigbo, mashariki mwa Nigeria, eneo ambalo leo liko Jimbo la Imo. Wakati huo Nigeria ilikuwa koloni la Uingereza. Akiwa kijana alikwenda kutafuta maisha Aba, mji wa biashara usiolala, na huko akawa anauza chupa tupu sokoni.

Ngumi alijifunzia hukohuko, kwenye klabu zilizokuwa zikiendeshwa na maofisa wa Kiingereza. Hakuwa mrefu. Alikuwa na kifua kipana, shingo nene na miguu iliyokanyaga chini kama nguzo. Mtindo wake ulikuwa mmoja tu: anakufuata. Ukimpiga anakuja, ukikimbia anakuja, na akishakukaribia anaachia ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Jina la Tiger, yaani chui mkubwa mwenye milia, lilimkaa vizuri.

Mwaka 1952 akaanza kupigana kulipwa. Shida ni kwamba Nigeria ya wakati ule haikuwa na pesa ya ngumi. Bondia aliyetaka kula kwa mikono yake ilibidi avuke bahari.

Vipigo vinne mfululizo

Mwaka 1955 Tiger alitua Liverpool akiwa na miaka 26. Mji huo wa bandari ulikuwa tayari na Mnigeria mwingine, Hogan Bassey, ambaye mwaka 1957 angekuwa Mnigeria wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia, katika uzito wa unyoya.

Mwanzo wa Tiger ulikuwa mbaya. Alipoteza mapambano yake manne ya kwanza Uingereza, moja baada ya jingine. Baridi ilikuwa kali, pesa ilikuwa kidogo, na ili aishi alifanya vibarua mchana na mazoezi jioni. Watu wengi wangepanda meli na kurudi nyumbani.

Yeye alibaki. Mei 1957 alikutana London na kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza, Terry Downes, mtu ambaye miaka minne baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Tiger alimchakaza hadi pambano likasimamishwa. Machi 27, 1958, palepale Liverpool, alimwangusha Pat McAteer kwa KO raundi ya 9 na kuchukua ubingwa wa uzito wa kati wa Dola ya Uingereza, mkanda ambao baadaye uliitwa wa Jumuiya ya Madola.

Mwaka uliofuata alihamia Marekani, ambako ndiko kulikokuwa na mapambano makubwa na pesa kubwa.

Usiku wa San Francisco

Marekani nako hakupewa njia ya mkato. Alipigana na watu wagumu ambao mabingwa walikuwa wakiwakwepa. Juni 1960 aliupoteza mkanda wake wa Dola ya Uingereza huko Edmonton, Kanada, kwa Wilf Greaves. Novemba mwaka huohuo akarudi Edmonton kwa Greaves huyohuyo na kuuchukua tena.

Nafasi yenyewe ilikuja Oktoba 23, 1962, kwenye uwanja wa Candlestick Park, San Francisco. Mpinzani alikuwa Gene Fullmer, bingwa wa dunia wa uzito wa kati, mtu mgumu wa Utah ambaye kwenye rekodi yake alikuwa amemshinda hata Sugar Ray Robinson. Jana yake tu Rais Kennedy alikuwa ametangaza kwenye televisheni kwamba Wasovieti wameweka makombora Cuba. Dunia nzima ilikuwa roho juu ikihofia vita vya nyuklia, na watu hawa wawili wakapanda ulingoni kupigana raundi 15.

Fullmer alizoea kuwasukuma wenzake nyuma. Usiku ule alisukumwa yeye. Majaji wote walimpa Tiger ushindi. Akiwa na miaka 33, muuza chupa wa Aba alikuwa bingwa wa dunia. Jarida la The Ring likamchagua bondia bora wa mwaka.

Dunia yahamia Ibadan

Februari 1963 walirudiana Las Vegas, wakatoka sare. Hapo ndipo lilipokuja wazo ambalo kwa wakati ule lilionekana la ajabu: pambano la tatu lifanyike Nigeria.

Nigeria ilikuwa imepata uhuru Oktoba 1, 1960. Ilikuwa nchi changa, yenye watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na ilitaka kuionyesha dunia kwamba inaweza kuandaa jambo kubwa. Serikali iliunga mkono, na Agosti 10, 1963 Fullmer alijikuta kwenye Uwanja wa Liberty, Ibadan, akizungukwa na umati ambao wote ulikuwa wa upande wa pili.

Halikuwa pambano la kubahatisha. Tiger alimpiga raundi baada ya raundi, na baada ya raundi ya 7 kona ya Fullmer ikasema basi. Fullmer hakupigana tena maishani mwake.

Huo ulikuwa usiku wa kwanza kwa Nigeria kuwa mwenyeji wa pambano la ubingwa wa dunia. Sisi huku tukisikia ngumi kubwa Afrika tunakumbuka Kinshasa, Muhammad Ali na George Foreman, Oktoba 1974. Ibadan ilitangulia kwa miaka 11.

Ishike picha hiyo: Mwigbo wa mashariki akishangiliwa Ibadan, mji wa Wayoruba magharibi mwa Nigeria, kama mtoto wa wote. Miaka minne baadaye isingewezekana.

Kupoteza, kusubiri, kurudi

Desemba 7, 1963, huko Atlantic City, Tiger alipoteza mkanda kwa pointi kwa Joey Giardello. Marudiano yalichukua karibu miaka miwili kupatikana. Katikati ya kusubiri, Mei 1965, alipambana Madison Square Garden na Rubin Carter, mpigaji aliyeogopwa sana. Tiger alimwangusha mara tatu.

Oktoba 21, 1965, kwenye ukumbi huohuo, alimpata Giardello na kuuchukua tena ubingwa wake. The Ring ikamtaja bondia bora wa mwaka kwa mara ya pili.

Aprili 1966 akaupoteza kwa Emile Griffith, uamuzi ambao mashabiki wengi ukumbini waliuzomea. Sasa alikuwa anakaribia miaka 37. Kwa hesabu za kawaida, hapo ndipo bondia anapotundika glovu.

Tiger alifanya kinyume. Alipanda uzito, kutoka kilo 72.5 hadi ule wa kilo 79, na Desemba 16, 1966 akampiga José Torres wa Puerto Rico, kijana mrefu na mwepesi, na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Mei 1967 wakarudiana. Tiger alishinda tena, safari hii majaji wakigawanyika, na mashabiki wa Torres wakaanza kurusha chupa ukumbini kwa hasira.

Wiki mbili baada ya usiku huo, nchi yake ilipasuka.

Nchi inapasuka

Mwaka 1966 ulikuwa wa damu Nigeria. Yalitokea mapinduzi mawili ya kijeshi ndani ya miezi saba, na maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini waliuawa. Walionusurika walikimbilia mashariki, kwenye miji kama Aba. Mei 30, 1967, Kanali Odumegwu Ojukwu alitangaza kwamba mashariki imejitenga na kuwa Jamhuri ya Biafra. Julai 6 vita vikaanza.

Sasa mtazame Tiger alipokuwa amesimama. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na sifa ya kubana matumizi. Wakati mabondia wengine wa New York walinunua magari na suti, yeye pesa yake aliipeleka nyumbani. Alijenga majumba na kufungua biashara Nigeria, kama anavyofanya mtu yeyote wa ughaibuni anayejua kwamba ipo siku atarudi. Familia yake nayo ilikuwa huko.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa bingwa wa dunia, kazi yake ilikuwa Marekani, na meneja wake alikuwa Mmarekani. Hakuna promota ambaye angemlaumu kwa kusema siasa si kazi yake.

Hakunyamaza. Alikwenda Biafra, akapewa cheo cha luteni kwenye jeshi lake na kushiriki kuwanoa askari kwa mazoezi. Akirudi Marekani kupigana alijitambulisha wazi kama mtu wa Biafra, na kila mahojiano aliyageuza kuwa nafasi ya kueleza yanayotokea kwao. Pesa yake nayo ilikwenda hukohuko. Novemba 17, 1967, vita vikiwa na miezi minne, alimsimamisha Roger Rouse raundi ya 12 huko Las Vegas na kubaki na mkanda.

Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa. Tiger hakukataa kwao. Tatizo ni kwamba kwao palikuwa pamegawanyika mara mbili, na ilimbidi achague.

Mei 1968

Aprili 13, 1968 Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata Mei. Kwa watu kama Tiger hiyo ilikuwa habari kubwa, kwa sababu mpaka hapo walikuwa wakipigana bila serikali yoyote kuwatambua.

Lakini vitani hali ilikuwa mbaya. Mwezi huohuo wa Mei, Port Harcourt, mji wa bandari wa Biafra, ulianguka mikononi mwa jeshi la Nigeria. Biafra ikabaki bila bahari. Chakula kikawa hakiingii, na picha za watoto waliovimba matumbo kwa njaa zikaanza kuzunguka dunia nzima. Septemba ukaanguka Aba, mji ambao Tiger alianzia maisha.

Katikati ya hayo alikuwa na pambano. Mei 24, 1968, Madison Square Garden, alitetea ubingwa mbele ya Bob Foster. Tiger alikuwa na miaka 38. Foster alimzidi urefu kwa zaidi ya sentimita 15, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu za kutisha. Raundi ya 4 ngumi hiyo ilifika. Tiger alianguka chali na mwamuzi akahesabu mpaka 10. Katika mapambano 82, ni hapo tu alipohesabiwa akashindwa kuinuka.

Mkanda ukaondoka. Vita vikabaki.

Kupigana kwa sababu ya pesa

Aliendelea kupanda ulingoni, na kwa umri ule alifanya maajabu. Oktoba 1968 alipigana na Frankie DePaula, kila mmoja akamwangusha mwenzake mara mbili, Tiger akashinda kwa pointi. The Ring ililipa heshima ya pambano bora la mwaka. Mei 1969 alimshinda Nino Benvenuti wa Italia, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati, ingawa mkanda haukuwa mezani.

Desemba mwaka huo ndipo aliporudisha nishani. Wiki chache nyuma John Lennon wa Beatles alikuwa amerudisha ya kwake, akitaja pia Biafra. Tofauti ni kwamba Lennon alikuwa akilalamikia sera ya nchi yake. Tiger alikuwa akiomboleza watu wake.

Biafra ilisalimu amri Januari 15, 1970. Inakadiriwa zaidi ya watu milioni moja walikufa, wengi wao kwa njaa na si kwa risasi.

Serikali ya Jenerali Yakubu Gowon ilitangaza maridhiano, lakini kwenye mali mambo yalikuwa mengine. Mwenye akaunti ya benki iliyotumika Biafra alilipwa pauni 20 tu, hata kama alikuwa ameweka maelfu. Port Harcourt, nyumba nyingi za Waigbo zilihesabiwa mali iliyotelekezwa na kupewa wengine. Na Tiger, ambaye jina lake lilikuwa limesikika kila kona likiitetea Biafra, hakuwa akitakiwa Nigeria.

Mlinzi wa makumbusho

Pambano lake la mwisho lilikuwa Julai 15, 1970, New York, dhidi ya Emile Griffith, mtu yuleyule aliyempokonya ubingwa miaka minne kabla. Tiger alipoteza kwa pointi. Alikuwa anakaribia miaka 41.

Baada ya hapo bingwa huyu wa mara tatu alipata kazi ya ulinzi kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, mjini New York. Alisimama kwenye kumbi za sanaa akiangalia watu wasiguse vitu. Wageni wangapi walimpita bila kujua kwamba mzee yule mpole mwenye mabega mapana aliwahi kujaza Madison Square Garden, hakuna aliyehesabu.

Siku moja akiwa kazini alishikwa na maumivu makali ya mgongo. Vipimo vya hospitali vikaonyesha saratani ya ini.

Habari zilipofika Nigeria, serikali iliondoa zuio dhidi yake. Mwaka 1971 Dick Tiger akarudi nyumbani, si kwa gwaride kama angerudi baada ya Ibadan, bali kama mgonjwa. Alifia Aba Desemba 14, 1971, akiwa na miaka 42.

Alichoacha

Mwaka 1991 jina lake liliingizwa kwenye Ukumbi wa Kimataifa wa Mashujaa wa Ngumi nchini Marekani. Kwenye orodha za wataalamu wa ngumi, hukosi kumwona kati ya mabondia bora waliowahi kutoka Afrika.

Ila rekodi haionyeshi kila kitu. Ukiisoma utaona vipigo 19, na unaweza kudhani ni vingi kwa mtu wa kiwango chake. Vinne ni vya kijana mgeni aliyekuwa hajazoea baridi ya Liverpool. Kile cha Foster ni cha mtu wa miaka 38 ambaye mji wa bandari wa kwao ulikuwa umeanguka mwezi uleule.

Kati ya Ibadan 1963 na Aba 1971 ilipita miaka minane tu. Katika miaka hiyo Nigeria ilimbeba Tiger mabegani, ikamfungia mlango, kisha ikamfungulia alipokuwa anakufa. Yeye alibaki Richard Ihetu wa Amaigbo siku zote hizo. Pesa alizozipata kwa kupigwa usoni kwa miaka 18 alizipeleka kwao, na alipotakiwa kuchagua kati ya pesa hizo na watu wa kwao, alichagua watu.